Kompyuta Iliyokuwa Ikisubiri

Jumanne ile Rino Bressan alikata miguu yote arobaini ya prosesa, chipu kuu ya kompyuta, mmoja baada ya mwingine, kwa plaizi ndogo yenye ncha nyembamba. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja. Thelathini na minne kati ya hiyo aliimaliza kwenye pampu za umwagiliaji kando ya mto, akiwa fundi umeme, kwa hiyo kukata waya taratibu ilikuwa kazi aliyoizoea kuliko kukaa mezani na kula.

Katika karakana ya wastaafu ya mji wa Red Cliffs, kila aliyewahi kufungua kompyuta ya zamani aliijua kanuni hiyo. Chipu ikiwa imelehemiwa, usihangaike kuichomoa nzima. Ukiibembeleza sana kwa moto utaiunguza bodi, na bodi ndiyo isiyopatikana tena. Kata miguu, ondoa mwili, kisha pasha moto na uvute mguu mmoja mmoja kama mtu anayetoa miiba. Chipu inakufa, bodi inapona.

"Umeua," alisema Wim Hoekstra, Mholanzi mrefu aliyekuwa mwalimu wa hesabu, akiwa amesimama nyuma ya Rino na kikombe chake.

"Nimeua. Lakini angalia bodi. Safi kama sahani."

Kwenye benchi la pili Kel Dorrington alikuwa akipiga msasa mguu wa kiti. Kel alistaafu reli. Hakuinua uso.

"Mkimaliza mwekeeni na magurudumu," alisema. "Na honi."

"Kel, inakwenda kasi mara nane ya ilivyokuwa," Wim akamwambia. "Mara nane!"

"Inakwenda wapi?"

Wim alicheka. Rino naye alitabasamu, akaendelea kulehemu soketi ya kuchomekea mahali ilipokuwa chipu. Ugomvi huu ulikuwa na miaka mingi kuliko benchi lenyewe. Wim aliamini kwamba kompyuta ya zamani isipoongezewa vitu inageuka pambo la kabati. Kel aliamini kwamba ikiongezewa vitu inakuwa kompyuta nyingine iliyovaa nguo za marehemu. Kompyuta yake mwenyewe, aliyoinunua mwaka 1983, ilikaa kwenye rafu ya juu chini ya kitambaa cha sahani. Juu ya skrubu moja ya nyuma palikuwa na stika ya kiwandani, nzima, haijapasuka, ushahidi kwamba haijawahi kufunguliwa. Kila mwaka siku ya maonyesho watu walitoka mbali, hata Adelaide, kuja kuipiga picha ile stika.

"Ukitaka kasi, si una simu mfukoni?" Kel alisema. "Kitoe kisanduku hicho mezani, uweke simu, mambo kwisha."

"We mzee, piga msasa wako."

Mashine ya Rino haikuwa yake kwa kweli. Ilikuwa ya Nola, mkewe, aliyefariki mwezi Machi. Ilitengenezwa hapahapa Australia, rangi ya maziwa yaliyokaa, na Nola aliinunua mwaka 1985 alipokuwa akifundisha piano kwenye chumba cha mbele. Baada ya mazishi Rino aliitoa kabatini kwa sababu mikono yake ilikosa kazi. Kwanza alibadilisha kapasita zilizovimba, na hilo hata Kel hakulipinga, maana zingepasuka. Kisha akaweka kadi ya memori mahali pa kaseti iliyohifadhi programu. Kisha waya wa kupeleka picha kwenye televisheni ya kisasa. Kila kimoja kilipokwisha alijikuta amekaa tu, akatafuta kingine cha kuagiza. Hivyo ndivyo alivyofika kwenye bodi ya kasi, kibao kidogo chenye prosesa mpya kinachochomekwa mahali pa ile ya zamani. Hakuna kilichoihitaji. Ilikuwa tu ndiyo inayofuata kwenye orodha.

Halafu Jumapili, siku mbili kabla ya Jumanne ile, simu ikalia. Alikuwa Tess Vukasin, mmoja wa wanafunzi wa Nola wa zamani, ambaye Nola alimwachia piano. Alikuwa anakuja kuichukua Jumamosi saa nne asubuhi.

"Mjomba Rino," Tess alisema, maana watoto wote wa piano walimwita hivyo, "ile kompyuta bado ipo? Ile iliyokuwa ikisubiri?"

"Ipo. Na inafanya kazi."

"Usiniambie! Nataka nikae mbele yake dakika moja tu. Nimewahadithia wanangu mpaka wamechoka."

Kwa hiyo Rino alitaka Tess aikute ikiwa katika hali bora kabisa. Ndiyo maana Jumanne alikata miguu.

Jioni hiyo aliiunganisha nyumbani, akaipakia programu ya Nola kutoka kwenye kadi, akaketi.

Programu yenyewe ilikuwa fupi. Nola alijifunza kuandika programu kwa kunakili kurasa za magazeti ya kompyuta, mstari kwa mstari, na hii ndiyo aliyoitunga peke yake. Mtoto aliyefika kwa somo alikaa kwanza mbele ya kompyuta, akisubiri mwenzake amalize kwenye piano. Skrini ilimwandikia HABARI YAKO. UMEFANYA MAZOEZI WIKI HII? Akibonyeza H, hapana, ilimpa mazoezi ya kupiga midundo. Akibonyeza N, ndiyo, haikufanya kitu. Kialama, kile kimstari cha kuandikia, kiliwakawaka tu. Kisha, chini kabisa pembeni, likatokea neno moja: KWELI?

Watoto wengi walikuwa wameshakiri kabla neno hilo halijatokea.

Nola mwenyewe alikuwa hivyo. Alikuuliza jambo dogo, umefunga bomba la bustani, umempigia dada yako, ukajibu haraka ndiyo, naye akanyamaza huku mikono yake ikiwa mapajani. Hakukunja uso wala hakuguna. Alisubiri, na wewe mwenyewe ukaenda kufunga bomba.

Rino alibonyeza N.

Neno KWELI? lilikuwa pale kabla kidole chake hakijatoka kwenye kibonyezo.

Alirudia. Vilevile. Lilimrukia kama askari wa barabarani. Alielewa mara moja, maana alikuwa fundi. Nola aliagiza mashine ihesabu kuanzia moja hadi elfu tatu na mia mbili bila kufanya chochote, na muda uliotumika kuhesabu ndio uliokuwa kimya chake. Sasa mashine ilihesabu kwa pupa, ikamaliza.

Hili si tatizo, alijiambia. Ongeza namba.

Jumatano baada ya kifungua kinywa alizidisha mara nane: elfu ishirini na tano na mia sita. Akabonyeza N. Kimya kikawa kirefu mno, maana bodi ile haikwenda mara nane kila mahali. Sehemu nyingine za kazi zilisubiri memori ya zamani, nyingine hazikusubiri. Akapunguza hadi elfu ishirini. Kikawa kifupi. Elfu ishirini na mbili ikawa sawasawa kabisa, akafurahi, akaenda kuchemsha maji. Aliporudi akabonyeza tena, akaona ni kifupi. Akaweka elfu ishirini na tatu. Sawasawa. Akaweka ishirini na nne, nayo sawasawa.

Ilipofika saa sita mchana kila namba ilikuwa sawa, na kila namba haikuwa sawa. Alifumba macho, akamwita Nola akilini asimame kwenye mlango wa jikoni na kumwuliza habari za bomba, ili ampime. Nola alikuja, lakini alisubiri kwa muda uleule ambao kompyuta ilikuwa imesubiri mara ya mwisho. Ilikuwa elfu ishirini na nne, naye akasubiri elfu ishirini na nne.

Hapo ndipo Rino alipoogopa. Mashine haikuwa na kanda ya sauti ya Nola, wala picha. Ilikuwa na kile kimya, na yeye aliyeishi nacho miaka arobaini na mitatu alikuwa hakikumbuki tena. Na Jumamosi angekuja Tess, ambaye angekikumbuka.

Alifungua kopo la aiskrimu alimoweka vitu alivyovitoa kwenye mashine, kila kimoja na karatasi yake. Mwili wa prosesa ulikuwa humo, mweusi, hauna hata mguu mmoja.

Alhamisi alikwenda karakana na sanduku la keki za nazi. Huo ulikuwa utaratibu wao: aliyeharibu kitu huleta keki, na hakuna anayeuliza mpaka chai imiminwe. Saa nne na nusu chai ilimiminwa.

"Haya, sema," alisema Kel akichukua keki ya kwanza. "Umeunguza nini?"

Rino akawaeleza. Hakuwaeleza kuhusu mlango wa jikoni, ila alieleza kuhusu namba. Wim alikuwa ameshatoa kalamu kabla Rino hajamaliza, akakokotoa nyuma ya bahasha, midomo ikicheza.

"Kwa mashine ya asili," alisema hatimaye, "mzunguko wa elfu tatu na mia mbili ungechukua sekunde tatu na kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu, Rino. Inategemea toleo la mashine, na ni nini kingine kinaendelea humo ndani. Nusu sekunde huku au huku. Nani atajua tofauti ya nusu sekunde?"

"Tess."

"Basi mwambie aje wiki ijayo. Nina mtu Melbourne ana chipu kama hiyo, itafika Jumatano."

"Ameshakodi lori na watu wa kubeba piano."

"Na hiyo bodi ya kasi haina swichi ya kuirudisha kwenye mwendo wa zamani?"

"Haina."

"Kuna bodi zenye swichi."

"Hii haina, Wim!"

Wim akaweka kalamu chini. Ndiye aliyeichagua bodi hiyo. Akachukua keki, akaishika bila kuila.

"Nilisema," Kel alisema. "Au sikusema? Nilisema tangu mlipoweka ile kadi. Kitu cha zamani kiacheni."

"Kadi ni jambo jingine," Rino akajibu, na sauti yake ilipanda kidogo. "Kadi usiiguse. Ile kaseti ilikuwa inakatika. Nilipata programu nzima mara moja tu katika majaribio tisa, na mara hiyo ndiyo niliyoihifadhi. Ningekusikiliza wewe, leo nisingekuwa na cha kuharibu."

Kel alitafuna. Alikuwa mtu wa kubishana mpaka jua lizame, lakini hili alilimeza pamoja na keki.

"Sawa," alisema. "Kadi ni sawa."

Wim alimtazama kama mtu aliyesikia mbwa akizungumza.

"Hiyo prosesa," Kel aliendelea, "ni ile ya miguu arobaini, siyo?"

Wote watatu walijua chipu ile ilikuwa pia kwenye mashine gani. Ilikuwa juu ya rafu, chini ya kitambaa cha sahani. Mashine ya Kel ilikuwa ya aina nyingine kabisa na isingeweza kuisoma programu ya Nola, lakini prosesa yake ilikuwa ileile, kama injini ya aina moja ndani ya trekta mbili tofauti. Rino aliijua habari hiyo tangu Jumatano saa sita na robo. Hakuwa ameitamka, na hakukusudia kuitamka.

"Unajua nilisoma piano kwa Nola," Kel alisema.

"Nilikuwa nimesahau."

"Miaka miwili. Kila Jumatano baada ya zamu. Jitu zima la reli, nimebanwa kwenye kile kiti katikati ya watoto wa darasa la tatu. Nilitaka kumpigia Joyce wimbo mmoja siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Na kila Jumatano ile mashine inaniuliza, umefanya mazoezi? Nami nabonyeza N." Alifuta nazi mdomoni. "Halafu naanza kusikia masikio yanachemka."

"Ulimdanganya Nola miaka miwili?" Wim aliuliza.

"Sikuwahi kumdanganya Nola. Niliidanganya mashine. Nola nilimwambia ukweli kila mara, maana nilipofika kwenye piano nilikuwa nimeshalowa jasho."

Alisimama, akavuta ngazi ya mbao, akapanda. Aliteremka na ile kompyuta ikiwa imebebwa kifuani, akaiweka kwenye benchi, akaigeuza nyuma mbele. Kisha akavuta droo na kutoa bisibisi.

"Kel," Rino alisema. "Hapana. Ngoja Jumatano. Nitamwelewesha Tess."

"Msiniangalie. Kunyweni chai."

Hawakumwangalia. Waliangalia vikombe. Kwa hiyo waliisikia tu, sauti ndogo ya karatasi kavu ikipasuka, na Kel akivuta pumzi puani. Baadaye kidogo sauti ya skrubu, moja, mbili, tatu, nne. Kisha akaguna.

"Wameiweka kwenye soketi," alisema. "Miaka yote hii nilidhani imelehemiwa."

Aliinyanyua kwa ncha ya bisibisi, upande huu kidogo, upande ule kidogo, mpaka ikaachia. Akaichomeka miguu kwenye kipande cha sponji, akampa Rino.

"Ukimkata huyu miguu," alisema, "na mimi nitakukata yako."

Jioni hiyo Rino alichomoa bodi ya kasi, akaichomeka chipu ya Kel, akaangalia mara mbili upande wenye alama, akawasha. Mashine ilipiga mlio wake wa kawaida. Akairudisha namba ya Nola: elfu tatu na mia mbili. Hakuendesha programu. Alijiambia kwamba amechoka, lakini ilikuwa saa kumi na mbili tu na jua bado lilikuwa juu ya mashamba ya zabibu. Ukweli ni kwamba hakuamini tena masikio yake. Angesikia kimya hicho na kukiona sawasawa, kama alivyoziona zile namba nyingine zote.

Jumamosi Tess alifika saa nne kasoro dakika tano, mwanamke wa miaka arobaini na tisa mwenye mvi mbele tu na kicheko cha kutoka tumboni. Alimkumbatia Rino, akalia kidogo, akajifuta, akawaonyesha wabebaji piano ilipo. Walipoanza kuifungia mablanketi, akaiona kompyuta kwenye meza yake ya zamani, pembeni ya dirisha.

"Mungu wangu. Hata kiti ni kilekile."

"Kaa."

Alikaa, magoti yakagonga meza. Rino alisimama mlangoni, mahali ambapo alisimama zamani aliporudi kutoka pampu na viatu vyenye tope, asiruhusiwe kuingia mpaka somo liishe. Tess alipakia programu, na ilifunguka kwa sekunde nne.

"Mbona upesi hivi?" aligeuka. "Ile kaseti ilikuwa inalia dakika sita! Tulikuwa tunamaliza biskuti zote."

"Nimeweka kadi," Rino alisema. "Kaseti ilikuwa imechakaa."

"Ah. Basi vizuri." Akageukia skrini.

HABARI YAKO. UMEFANYA MAZOEZI WIKI HII?

"Kila siku, Bi Nola," Tess alisema kwa sauti ya mtoto, na akabonyeza N.

Kialama kikawaka, kikazima.

Rino hakuhesabu. Alikuwa amejiapiza asihesabu. Alimwangalia Tess tu, mgongo wake, na akaona mkono uliobonyeza ukitoka kwenye vibonyezo wenyewe na kwenda kukaa pajani, juu ya mwenzake. Mabega yakapanda kidogo. Kialama kikawaka, kikazima. Kwenye kona wabebaji walikuwa wakibishana kuhusu mguu wa piano. Shingo ya Tess ikaanza kuwa nyekundu.

"Sawa, sawa!" Tess alipiga kelele. "Sikufanya! Nilikuwa na mitihani!"

KWELI?

Akacheka mpaka akalaza kichwa juu ya meza. Mbebaji mmoja alichungulia kuona kuna nini. Rino alishika fremu ya mlango. Alitaka kumwuliza kama ndivyo kimya kilivyokuwa, kama hakikuwa kirefu kidogo au kifupi kidogo, lakini akaona swali hilo limeshajibiwa.

"Naweza kurudia?" Tess aliuliza, akijifuta macho.

"Rudia unavyotaka."

Alirudia mara sita. Mara zote sita alikiri kabla ya wakati.

Piano iliondoka saa tano na nusu. Ilipokuwa inapakiwa, Tess aliuliza kama Rino amebadilisha mengi ndani ya ile mashine. Rino akahesabu kwa vidole.

"Vitu vitatu," alisema. "Vilikuwa vinne. Kimoja nimekitoa."

"Na hivyo vitatu vilikuwa na maana?"

"Vilikuwa na maana. Bila hivyo ungekuta sanduku la plastiki."

Jumatano iliyofuata chipu ya Melbourne ilifika ndani ya bahasha ya plastiki yenye vipovu, na Alhamisi Rino akaipeleka karakana. Bodi ya kasi ilikuwa tayari kwenye kopo la aiskrimu nyumbani, imeandikwa jina na tarehe, pamoja na ule mwili usio na miguu. Kompyuta ya Kel ilikuwa palepale benchini, kifuniko wazi, na juu yake kikaratasi cha mwandiko wa Kel: USIGUSE. WEWE PIA WIM.

"Nimekuletea," Rino alisema. "Nyumbani nimeiacha ya kwako ndani, nilitaka kwanza uione hii. Mchana huu nitakwenda kuichomoa nikurudishie."

Kel aliichukua ile mpya, akaisogeza karibu na miwani, akaigeuza. Kisha akaichomeka kwenye soketi ya mashine yake mwenyewe, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikakaa.

"Yangu iache iliko," alisema.

Rino alitaka kusema kitu, lakini Kel alikuwa ameshainama kutafuta skrubu. Wim, upande wa pili wa benchi, hakuweza kujizuia.

"Kwa hiyo, Bwana Dorrington," alisema, "na ya kwako sasa imeboreshwa."

Kel alikaza skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne, ile iliyokuwa na stika, aliikaza taratibu kuliko zote.

"Wim," alisema, "nyamaza unywe chai."